Nilifuta "Huenda" Kwenye Ripoti, Sasa Baba Ndiye Anayeitwa Muongo

Admin, nifichie jina, maana kwetu Mbuchi wengi wanaufuata ukurasa huu. Mimi ni dada wa miaka 31, Mndengereko, nafanya kazi Dar. Ofisi yetu inakadiria umeme: nchi itatumia kiasi gani, na maji ya Mto Rufiji yatazalisha kiasi gani. Kompyuta haitoi jibu moja. Inasema huenda ikawa hapa, huenda ikafika pale, na hapo katikati pote ni shaka. Kuipima shaka hiyo ndiyo kazi niliyosomea.

Bosi wangu hataki kuiona. Aliniambia, "Hayo ya huenda mwachie mganga. Mimi nipe namba moja." Nikawa nafuta, nabakiza namba ya katikati. Nilikasirika mwanzoni, halafu jamani nikazoea, hadi nikawa naongea hivyo hivyo hata nyumbani.

Mwaka huu baba akapiga simu kuulizia maji. Kwetu mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko, hupandwa maji yakishajitoa shambani, udongo ukiwa bado na unyevu, na ukikosea siku umekwisha. Makadirio yetu ya mto yalisema maji huenda yakajitoa moja kwa moja baada ya wiki mbili, huenda zikafika sita. Mimi nikamjibu, "Wiki nne, baba, zikitimia pandeni." Sikutaja mbili wala sita.

Baba akatangaza msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na watu wakamwamini kwa sababu hajawahi kuwadanganya. Zilipotimia wiki nne wakapanda. Wiki ya tano maji yakarudi, yakasomba mbegu zote.

Nilipompigia kumwomba msamaha, akaniambia amewaeleza watu kwamba tarehe ile aliitunga mwenyewe, kwamba mimi sikumwambia kitu. Nikamwambia nakuja kusema ukweli. Akanijibu taratibu, "Ukija kusema, radhi yangu huna."

Mama anasema siku hizi baba akitoa neno kwenye kikao watu wanatazamana, na swala anasalia nyumbani. Mzee wa miaka sabini! Nina hasira na bosi, nina hasira na baba pia kwa kunifunga mdomo, lakini kufuta nilifuta mimi.

Nikinyamaza, baba atazikwa na jina la muongo. Nikisema, nimekosa radhi ya mzazi. Wenye wazazi na wenye dini, nielekezeni, niende Mbuchi au nisiende?