Kabati la Bwana Taratibu

Kama kuna aliyewahi kumwona karani wa masijala wa zahanati ile akikimbia, na ajitokeze. Hata siku pazia la chumba cha sindano liliposhika moto, yeye alifunga kwanza kalamu, akafunga daftari, akafunga droo, ndipo akatoka. Wauguzi walimwita Bwana Taratibu, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Kazi yake ilikuwa kutunza rejista za watoto waliozaliwa pale. Paa lilipovuja msimu mzima bila mtu kujua, vitabu vya miaka ishirini na miwili vikaota ukungu. Bwana Taratibu akaketi mwaka mzima na miezi minne, akachapa kila jina kwa vidole viwili, faili moja kwa kila mwaka, kabla kurasa hazijamwozea mikononi. Vitabu vikachomwa. Watoto wote wale wakabaki ndani ya kompyuta moja kuukuu na ndani ya kichwa cha Bwana Taratibu, ambacho nacho hakikuwa kipya.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka, haikuweza hata kuonyesha picha. Mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, ni fundi wa kompyuta. Aliitia mfumo huria, ule usiouzwa, akamwachia skrini nyeusi na kistari kinachowaka na kuzima.

"Baba, hapa hakuna cha kubofya. Unaandika amri, yenyewe inatii."

Neno hilo lilimpendeza. Miaka thelathini alikuwa akipokea amri za watu, sasa angetoa zake.

Akaziandika kwenye daftari la mistari, kila moja na maana yake ya kimasijala. pwd: uliza uko chumba gani. ls: chungulia uone kilichomo. cd: ingia chumba kingine. cat: soma faili bila kuivuruga. mkdir: tengeneza kabati. mv: hamisha, au badili jina. rm, yaani futa, aliikata kwa kalamu nyekundu, kwa sababu karani hachani karatasi. Na cp, toa nakala, hakuikata, ila aliinunia.

Mara tatu mkwewe alimwambia, kwa adabu zote, kwamba ingefaa zile faili zitolewe nakala. Mara tatu alipata jibu lile lile.

"Mwanangu, rejista ni moja. Zikiwa mbili, moja ni ya uongo. Watu wamefungwa kwa mambo hayo."

Utabishana vipi na baba mkwe? Binti wa watu aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, baba." Tangu hapo alikuwa anapita kila Ijumaa kupangusa vumbi kwenye kibodi, na mzee akamsifia usafi kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza.

Jumanne moja asubuhi Bwana Taratibu aliamua kupanga. Faili ishirini na mbili zilizozagaa ovyo zilimkera, akataka zote ziingie kwenye kabati moja. Mkwewe alishamwonyesha alama ya nyota, inayohamisha vitu vyote kwa mkupuo, lakini Bwana Taratibu na mkupuo wapi na wapi! Akaandika mv 1999 kabati, akabonyeza, akaweka tiki daftarini. mv 2000 kabati, tiki. Kila mara aliuliza kwanza pwd, asije akawa kwenye chumba cha watu. Kompyuta haikusema neno, naye akaupenda ukimya huo. Ilimchukua dakika arobaini, na tiki zikajipanga vizuri mno.

Hajakaa sawa, mlangoni akatokea mama mmoja na mwanawe. Walitaka tarehe ya mtoto kuzaliwa, aandikishwe shule, na shule ilikuwa inafunga uandikishaji saa sita siku hiyo hiyo.

"Mwaka gani?"

"Elfu mbili na kumi na nne."

"Hiyo ni dakika moja," alisema Bwana Taratibu, ambaye hajawahi kufanya jambo lolote kwa dakika moja.

Akaandika cd kabati. Kompyuta ikamjibu kwamba hilo kabati haliingiliki. Akaandika ls. Kulikuwa na kitu kimoja tu, kabati. Akaandika cat kabati, na majina ya watoto wa 2020 yakamiminika mwanzo hadi mwisho. Baada yao hapakuwa na mtu.

"Nisubirini hapo kwenye benchi," akawaambia. Mkwewe siku hiyo alikuwa jengo la pili, anatengeneza printa ya maabara. Bwana Taratibu alimfuata mbio. Wauguzi watatu walishuhudia, na mmoja alidondosha trei.

Mkwe alikuja, akatazama skrini, akatazama daftari lenye tiki.

"Baba, hilo kabati ulilitengeneza kwanza?"

"Kutengeneza? Kabati si lipo! Umewahi kuona masijala isiyo na kabati?"

"Humu halikuwepo, baba. Kwa hiyo ikadhani unabadili jina. 1999 ikaitwa kabati. 2000 ilipokuja nayo ikaitwa kabati, ikamkalia mwenzake. Kila iliyokuja imeifuta iliyotangulia."

"Bila hata kuniuliza?"

"Yenyewe inatii tu."

"Na ile nyota yako?"

"Kwa nyota ingegoma, baba. Ingesema hilo kabati halipo."

Bwana Taratibu akajibwaga kitini. Hakuwahi kugusa rm hata siku moja, na sasa alikuwa amefuta miaka ishirini na mmoja, kila mmoja na tiki yake. Kupitia mlango alimwona mtoto kwenye benchi, anabembeza miguu. Iliuma. "Nimewapoteza," akasema. "Wote hawa nimewapoteza mimi."

Mkwe aliangalia kucha zake.

"Baba, naomba uandike ls, uache nafasi, halafu kistari na a. Inaonyesha na vilivyofichwa. Mimi natoka kidogo."

"Unakwenda wapi?"

"Hapo nje tu, baba."

Akatoka, akasimama koridoni kusoma bango la chanjo alilokwisha kulisoma mara mia. Bwana Taratibu akaandika ls -a. Pakatokea vijina vinavyoanza na nukta, ambayo ndiyo inayovificha, na katikati yake kimoja: .baba_asijue.

Alikisoma mara tatu. Akaingia, akachungulia. 1999, 2000, 2001, zimepangana hadi 2020, nakala ya Ijumaa iliyopita. Hapo ndipo alipoelewa ni vumbi gani lilikuwa linapanguswa.

Mtoto alipata tarehe yake, na saa ya kuzaliwa, na uzito, ingawa hayo mengine hakuna aliyeyauliza. Mama akamshika mkono wakaondoka, saa sita bado.

Bwana Taratibu aliketi tena mbele ya kompyuta. Akarudi chumba cha kwanza. Akauliza pwd. Akachungulia kwa ls kama jina analolitaka halina mwenyewe. Kisha akaandika, kwa vidole viwili, mv .baba_asijue baba_anajua.

"Mkwe," akaita, "hebu njoo uangalie kama nimekosea."

Alikuja, akasoma, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Hujakosea, baba."

"Basi Ijumaa uje upanguse kibodi."