Mshale Ubavuni mwa Tairi

Siku hiyo mama watoto aliamka na hasira, hata chai hakuimaliza. Mawingu yameshajikusanya, mbegu ziko stoo, na trekta limeinamia upande mmoja: tairi la nyuma limepata pancha. Mvua ikiwahi kabla shamba halijalimwa, msimu ndio basi tena. Mumewe naye mgongo umemgomea, yuko barazani kwenye kiti, mdomo tu ndio mzima.

"Subiri fundi, mama watoto. Hiyo si kazi ya jikoni."

"Fundi anakuja keshokutwa! Mvua utaizuia wewe kwa maneno?"

Akamwita wifi yake. Wakayazuia magurudumu mengine kwa mawe, jeki wakaiweka juu ya ubao wa kukatia nyama isije ikazama. Gurudumu wakalilaza kwenye magunia, wakapaka sabuni ya vyombo ukingoni, wakalichomoa tairi kwa vyuma vya springi za gari bovu. Tyubu wakaizamisha kwenye beseni la kufulia. Mapovu yakaonyesha tundu, wakabandika kiraka.

Tairi lilikuwa limegandwa na udongo. Alipolisugua kwa brashi ya nguo, ubavuni ukatokea mshale wa kuonyesha linakobingirikia. Akakumbuka lilivyokuwa limekaa. Mshale ulikuwa ukitazama nyuma, ndiyo maana meno yake hayaling'ati tope!

"Wifi, hili tairi nani alilifunga?"

"Si kaka, mumeo! Mwaka ule wa mafuriko."

Akahesabu. Miaka minne trekta linateleza kwenye tope, miaka minne mumewe anamteremsha mbele ya majirani: shuka, hujui kuendesha. Na yeye akaamini! Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

"Baba watoto, tairi uliliweka kinyumenyume!"

"Wewe na tairi wapi na wapi? Rudisha lilivyokuwa."

"Silirudishi ng'o!"

Wakaligeuza. Wakapokezana pampu ya baiskeli mpaka mabega yakawaka moto. Matone yakaanza wakikaza nati ya mwisho. Akapanda kwenye trekta, akalima, mvua ikamcharaza, shamba likawa tope tupu, na trekta halikuteleza hata mara moja.

Alirudi ameloa chapachapa. Mumewe akauliza kwa sauti ya chini, "Vipi tope?"

"Tope ni lile lile. Na mimi ni yule yule."

Msumari wa kutundikia ufunguo wa trekta uko ukutani, juu ya kiti cha mume. Akaupita, akautia ufunguo mfukoni mwa gauni lake.