Mistari Ambayo Mama Hakuichuma

Nilimwomba Mungu mama yangu awe na uvimbe kichwani. Nimelikana jambo hili mbele ya kaka yangu, mbele ya mke wake, na mara moja mbele ya mchungaji aliyekuja kutuombea akaniuliza mimi hasa naomba nini. Nilimjibu kwamba naomba mapenzi ya Mungu yatimizwe. Uongo mtupu. Nilikuwa naomba uvimbe, tena wa kuonekana vizuri, ulioota mahali ambapo kisu kinafika. Mtu akiishiwa na la kutumaini huanza kuchagua magonjwa kama anayechagua nyanya sokoni.

Mambo yalianzia shambani, juu kidogo ya Kiptere. Marehemu baba aligawa chai yake kwa namna ambayo majirani bado wanaicheka. Hakutaka mmoja wetu apewe juu penye mawe na mwingine apewe chini karibu na kijito, kwa hiyo aligawa mstari kwa mstari: mmoja wa kaka, unaofuata wangu, hivyo hivyo mpaka mpakani. Majani ya mistari yangu yalinilipia karo hadi chuo kikuu, nikasoma mpaka nikawa mwanamke asiyejua kuchuma chai.

Baba alipokufa, mama aliendelea kuchuma shamba lote. Alikuwa na utaratibu wake. Aliingia kwa juu, kati ya mstari wa kaka na mstari wangu, akateremka akichuma huku na huku, wa kaka ukiwa kulia kwake na wangu kushoto. Kikapu kikijaa alipanda nacho kwa njia ya pembeni. Hakuchuma akipanda hata siku moja. Kupanda, alisema, ni kwa kubeba.

Kaka, ambaye ameishi hapo nyumbani maisha yake yote, alinipigia simu Nairobi nikiwa katikati ya makala kuhusu matatizo ya familia za watu wengine.

“Prof, kuja uone. Mama amekufuta kazi.”

“Amenifuta vipi?”

“Mistari yako imekuwa msitu. Yangu iko sawa kama meza. Sijui umemfanyia nini huyu mama.”

Nilienda. Ukisimama juu, karibu na jiko, shamba lilionekana kama shuka yenye mistari: mmoja umechumwa na kulala sawa, unaofuata umenyanyuka, majani yamekomaa, vijiti vimechomoza kila upande. Ukihesabu, kokote utakakoanzia, mistari iliyoachwa ilikuwa yangu.

Ndani ya nyumba, mama alishusha kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kuchachisha ambayo kila mtoto aliyetoka mbali hukaribishwa nayo. Alimmiminia kaka, ambaye hakuwa ametoka mbali kuliko zizini. Mimi hakunimiminia. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, kwenye kigoda changu cha tangu utotoni, kikombe kikiwa mkononi.

“Unaona?” kaka alininong'oneza. “Hiyo ni kesi kubwa.”

Nyumbani kwetu mama hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikukasirikia alikupunguzia kitu: nyama kwenye sahani, jina lako kwenye maombi ya jioni. Kwa hiyo hatukuona ajabu. Tuliisoma chai kama barua. Nilianza kutafuta makosa yangu, na sikuyakosa. Sikuja Krismasi. Nilikuwa nimeandika makala ya kuchekesha kuhusu kwaya ya kanisa lake, na mtu mwenye roho mbaya alimsomea. Niliporudi tena nilimletea blanketi, nikapiga magoti sakafuni na kuomba msamaha kwa sauti ya kitabuni.

“Nikusamehe nini?” mama aliuliza.

“Chai yangu, mama. Umeacha kuichuma.”

“Nimechuma shamba yote. Si uende uangalie?”

Kaka alitoka nje ili acheke vizuri. “Amekataa hata kutaja!” alisema. “Mama ni mama. Leta blanketi ingine, Prof.”

Nikaleta. Nakumbuka nilikuwa na wasiwasi kuhusu rangi.

Kilichotuamsha ni ugali. Mke wa kaka alikuwa amepakua ugali na sukuma wiki, mama akala, kisha akasukuma sahani na kulalamika kwamba siku hizi ananyimwa mboga. Mboga ilikuwa pale, lundo zima, upande wa kushoto wa sahani. Ugali ulikuwa umeliwa nusu ya kulia, umekatika wima kama uliokatwa kwa uzi. Mke wa kaka aliizungusha sahani.

“Aa,” mama alisema. “Sasa mmeniletea.” Akala mboga yote.

Hakuna aliyecheka, hata kaka.

Tulimpeleka mjini kupigwa picha ya ubongo. Njiani nilisoma kwenye simu kila kitu ambacho mtu asiyejua chochote anaweza kusoma. Nikajua kwamba uvimbe unaweza kutolewa. Nikajua kwamba damu iliyojikusanya chini ya fuvu inaweza kunyonywa, na mzee akaamka akiuliza chakula. Na nikajua kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu hairudi. Hapo ndipo nilipoanza maombi yangu ya uvimbe.

Mashine ilikuwa pete kubwa nyeupe yenye kitanda cha kupita katikati. Mama aliitazama sana.

“Mnanipitisha ndani ya tairi ya trekta?”

“Lala tu, kogo,” alisema kijana wa mashine, akimwita kama anavyomwita nyanya yake. “Usitingishe kichwa. Utatoka kabla hujasinzia.”

Tulipewa picha kwenye bahasha kubwa. Nilizitoa hapo hapo koridoni, nikaziinua dirishani kama watu wanavyofanya. Zilionekana kama kabichi iliyokatwa vipande. Upande mmoja palikuwa na doa jeusi, kubwa kama mdomo wa kikombe.

“Huu ni uvimbe?” nilimuuliza kijana.

“Mama, mimi napiga tu. Anayesoma ni daktari. Atakupigia simu.”

Simu yangu ilikuwa imeniambia kwamba damu mpya huonekana nyeupe na sehemu iliyokufa huonekana nyeusi. Niliamua kwamba simu inakosea. Nina shahada mbili; nimewahi kukataa mambo yaliyo wazi kuliko hayo.

Daktari alipiga simu tukiwa tumekaa nje ya nyumba, mama katikati, kaka kulia kwake, mimi kushoto, kibuyu na vikombe mezani. Mbele yetu shamba lilikuwa limeteremka na mistari yake.

“Nina habari za picha,” alisema. “Sio uvimbe, mama.” Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

“Ni damu?”

“Hapana. Ni kiharusi, na si cha juzi. Mshipa uliziba upande wa kulia wa ubongo, na ile sehemu imekufa. Ndiyo iliyokuwa ikimjulisha kwamba kuna kushoto. Macho yake ni mazima, lakini kwake kushoto ni kama hakupo.”

“Kwa hivyo hakuna cha kukata.”

“Hakuna. Tutampa dawa ya kuzuia kingine.”

“Na tungekuja mapema?”

“Zile saa za kwanza, labda. Ilianza lini?”

Nilitazama mistari yangu. Kaka, kwa kuangalia urefu wa majani tu, angeweza kumjibu. Mimi nilimwambia kwamba ilianza wakati tulipodhani amenikasirikia.

“Samahani?”

“Nilikuwa namletea mablanketi, daktari.”

Aliniuliza kama namsikia. Pengine alidhani laini ina shida. Nilikuwa nafikiria kwamba hasira ilikuwa afadhali. Hasira ningeipigia magoti mpaka ichoke. Sasa hapakuwa hata na mtu aliyenikasirikia.

Mama alimimina mursik kwenye kikombe cha kaka, akaweka kibuyu chini, akamwegemea.

“Dada yako,” alimwambia, “alisema atakuja lini?”

Kaka alinitazama kupitia juu ya kichwa chake.

“Hallo?” daktari aliita. “Mama, bado uko?”

“Niko,” nilisema. “Niko hapa.”