Phelesia Hupanga Matunda kwa Koo la Mumewe

Saa moja asubuhi, katika soko la Homa Bay, Phelesia Awuor anapasua papai. Bado hajalinunua. Anataka kuliona ndani kwanza.

"Mama, wewe ni daktari wa upasuaji? Utamaliza mzigo wangu na hicho kisu," analalamika Mogaka, anayemletea matunda kwa pikapu kutoka Kisii.

"Daktari hulipwa, omera, ndugu yangu. Mimi ndiye nakulipa wewe." Wauza omena, dagaa wa ziwani, wa meza ya jirani wanacheka.

Wachuuzi wengi hupanga matunda kwa ukubwa au kwa bei. Phelesia, mwenye miaka arobaini na sita, hupanga kwa kilichomo ndani. Kushoto ni yenye kokwa moja: maembe na maparachichi. Katikati ni mapera, ambayo mbegu zake zimetawanyika ndani ya nyama yenyewe. Kulia ni machungwa na machenza, yaliyogawanyika vyumba vyumba, kila chumba na ngozi yake. Mapapai hukaa peke yake. Mbegu zake zimejikusanya kwenye uwazi wa katikati, na ukipitisha kijiko zinatoka zote.

Mpangilio huu aliupata kwenye koo la mumewe, Elkanah, fundi wa mashua kutoka kisiwa cha Mfangano. Uvimbe unaziba njia yake ya chakula, polepole.

Alipolazwa mara ya kwanza, jamaa na akina mama wa kanisa walimjazia kabati machungwa. Huku hakuna anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, na chungwa ndilo tunda la mgonjwa. Phelesia alimmenyea moja. Ngozi ya kipande ikanasa kooni, na muuguzi akampiga mgongoni mpaka ikatoka.

"Nilidhani namfurahisha," anasema. "Aliniangalia tu."

Tangu hapo akaanza kuyapasua matunda yote na kuyachunguza. Machungwa yalitangulia kuondoka kwenye sahani ya Elkanah. Yakafuata mapera, kwa ajili ya mbegu, kisha maembe, kwa nyuzi zinazong'ang'ania kokwa. Parachichi lilidumu miezi kadhaa. Sasa limebaki papai lililopondwa na kuchujwa, na wiki hii hata hilo limekuwa likirudi kupitia puani.

Wateja wanaoelekea hospitalini wameizoea meza yake. "Mgonjwa anameza?" huwauliza kabla ya kutaja bei. Siku nzuri hubaki na faida ya shilingi mia tano. Siku za kliniki, meza haifunguliwi.

Madaktari wanataka kumwekea Elkanah mpira wa kupitishia uji moja kwa moja tumboni. Amekataa mara mbili. Wamemweleza Phelesia wazi kwamba bila mpira huo, njaa itamuua kabla ya uvimbe.

Jioni, katika chumba chao cha kupanga, Elkanah ameketi kitandani. Shati limekuwa kubwa mno kwake. Sauti yake ni mnong'ono.

"Nyar Karungu," anamwita mkewe kwa jina la kwao alikozaliwa, "leo umekula?"

"Nimekula."

"Wapi?"

Phelesia anainamia bakuli la papai. Tangu chakula kianze kumshinda mumewe, yeye hula nyuma ya bafu la pamoja la ploti, amesimama, haraka, asionekane.

"Trizah wa mlango wa pili ameniambia," Elkanah anasema. "Unakula kama mwizi, kwa sababu yangu."

"Ningekulaje mbele yako?"

Elkanah anapumzika kidogo kabla ya kuendelea. Maneno nayo yanamchosha.

"Waambie waniwekee huo mpira. Lakini ukipika, ukae hapa. Nikuone ukitafuna."

Mpira utawekwa Alhamisi. Hautaponya uvimbe, utamwongezea muda, na hakuna aliyethubutu kusema ni muda gani. Phelesia analijua hilo. Akiulizwa mipango yake, hataji biashara.

"Nataka tukae hapa sisi wawili," anasema. "Yeye na mpira wake, mimi na ugali wangu. Nitajaribu kumeza."