Bei Aliyoitaja Baba

Shangazi yangu hamwamini mtu. Ni fundi wa mapazia, kazi inayomwingiza vyumbani mwa watu kupima madirisha, na anasema aliyeona watu wanavyoishi vyumbani hadanganyiki na maneno ya sebuleni. Ukimrudishia chenji anaihesabu mbele yako, bila haya. Ukimsifia gauni anakuuliza unataka nini. Naishi naye tangu nilipopata kazi saluni, na chumbani kwake sijawahi kukanyaga.

Kwa hiyo ilipokuja notisi ya kodi ya majengo, ikisema thamani ya nyumba imepanda maradufu, hakulia wala hakulaani. Alivaa miwani, akaisoma mpaka mwisho, akauliza: "Nani kawaambia?"

Kwake lazima awepo mtu aliyewaambia. Mthamini alikuwa amekuja akasimama barabarani, akapiga picha, akaondoka bila hata kubisha hodi. Kumbe aliandika kwamba uani tuna nyumba ndogo ya kupangisha. Nyumba ndogo yenyewe ni kuta nne zisizo na paa, babu alifariki kabla hajazimaliza, na wapangaji wake ni mijusi. Shangazi alimshuku jirani wa kushoto, akahamia kwa wa kulia, kisha akanigeukia mimi.

Lakini jambo halikuwa la mzaha. Babu aliwaachia nyumba ile watu wawili, shangazi na mdogo wake, ambaye ndiye baba yangu, nusu kwa nusu. Anayeishi humo ni shangazi na anayelipa kodi ni shangazi, na kodi ile mpya ya kila mwaka mapazia yasingeiweza. Akishindwa, nyumba ingeuzwa. Hana mume, hana mtoto, hana pa kwenda.

Baba ni dalali wa nyumba. Miaka yote hiyo hajaleta hata msumari. Paa likivuja alikuwa anashauri ndoo. Sasa, habari za notisi zilipomfikia tu, akaja na mfuko wa sukari na uso wa huruma, akasema dada asihangaike, pingamizi amwachie yeye, hizo ofisi anazijua nje ndani. Shangazi alimshukuru sana. Baba alipotoka, shangazi akaniambia kikulacho ki nguoni mwako, kisha akaisogeza ile sukari juu ya kabati, mbali, kana kwamba ingemng'ata.

Hata hivyo, kusema haki, baba alifanya kazi. Alienda ofisi ya uthamini akaomba aoneshwe walichoandika juu ya nyumba yetu, na hapo ndipo ile nyumba ndogo ya kufikirika ilipojulikana. Alizipiga picha kuta zisizo na paa. Alipiga picha nyufa, dari iliyooza, choo kilichotitia upande mmoja. Alimleta fundi mwashi akaandika gharama za ukarabati. Alitaka pia notisi za majirani, tulinganishe nyumba kama yetu zimethaminiwa vipi, lakini huko tuligonga mwamba. Mmoja alisema yake haijafika, wa pili alisema imepeperushwa na upepo. Hakuna aliyetaka mwenzake ajue nyumba yake ina thamani gani. Tukawasilisha pingamizi bila majirani, kabla muda haujapita.

Shangazi alimtazama baba siku zote hizo jinsi paka anavyomtazama mgeni. Aliniuliza kama baba amenituma nimchunguze. Nilimwambia hapana, akasema aliyetumwa naye angejibu hivyohivyo. Iliniuma. Nilijiuliza nimekosa nini zaidi ya kuzaliwa na baba yangu.

Siku ya kusikilizwa, kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu, na karani pembeni. Baba alisimama akaanza. Jamani, dalali akiamua kuiponda nyumba! Kuta zimechoka, msingi babu aliujenga kwa kubahatisha, mvua ikinyesha barabara haipitiki, mnunuzi mwenye akili hawezi kutoa hata nusu ya kile kilichoandikwa. Akaitaja hiyo bei kwa mdomo wake. Nilimwonea babu huruma kaburini.

Shangazi aliinua mkono. Alimwomba mdogo wake airudie ile bei polepole, karani apate kuandika vizuri. Baba akairudia kwa furaha.

Kamati ikaifuta nyumba ndogo, ikakubali nyufa, ikashusha thamani mpaka karibu na pale aliposema baba. Tulitoka tumeshinda. Tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi, na baba, jasho halijamkauka, akasema lililomleta.

"Dada, umechoka na nyumba imechoka. Niachie mimi. Nusu yako nakulipa taslimu, wewe utafute chumba kizuri ustarehe."

"Utanilipa kwa bei ipi?"

"Hiyohiyo ya kamati. Ya serikali kabisa, hakuna anayemwibia mwenzake."

Shangazi alifunga kipochi chake.

"Bei ni nzuri, naikubali. Ila anayenunua ni mimi. Nusu yako nakulipa mwisho wa wiki, akiba yangu kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa inatosha."

Mara ngapi shangazi alikuwa ameomba kuinunua ile nusu, na kila mara baba alimtajia bei ya kumkimbiza. Sasa alibabaika. Akasema bei ya kodi ni ya kodi na bei ya kuuzia ni nyingine, kila mtu anajua. Shangazi akamjibu kwamba dakika hii tu alikuwa tayari kumlipa kwa hiyohiyo. Baba akanigeukia mimi.

"Mwanangu, umesikia nimesema hivyo?"

Nilisema nimesikia. Yeye ni baba yangu mzazi, lakini nilisema. Aliuza. Angefanyaje? Kutaja bei nyingine ni kukiri kwamba aliidanganya kamati, na maneno yake yalikuwa yameandikwa na karani.

Nilidhani baada ya hapo shangazi angeniamini. Mwezi uliofuata aliniita mezani, akasukuma mbele yangu mkataba wa upangaji, wa chumba changu kilekile, wenye kifungu kwamba mpangaji hatadai urithi wowote katika nyumba.

Nilimwambia nilimkana baba yangu kwa ajili yake.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana naogopa."

Nilitia saini nikiwa na hasira. Lakini kalamu ilisita kidogo kwenye kile kifungu cha urithi, na shangazi aliiona.