Neno Lililomuuzulu Hamdiya

Disemba ya 1998, katika afisi ya tafsiri pale Hamriya, mtaa mmoja katika nchi ya Waarabu, Murshid, mzaliwa wa Unguja, hakuwa na shaka na neno lolote lililotoka kalamuni mwake. Mwalimu Majid alimletea makala ya Kiingereza juu ya Wamarekani na rais wao, aifasiri kwa ajili ya wazee wa baraza yake mtaa wa Matrah, wengi wao wasiosoma ila Kiswahili. Murshid akaandika: Baraza la Wawakilishi limemuuzulu rais.

Hamdiya, mpiga chapa wa afisi, aliinua vidole kutoka kwenye mashine.

"Ami Murshid, hajauzuliwa huyu. Kashitakiwa tu. Katiba yao inataka asikilizwe kwanza kwenye Seneti, na theluthi mbili ndiyo imtoe."

"Mwanangu, mimi nnafasiri tangu hujaota meno. Piga."

Akapiga.

Februari, Seneti ilikosa theluthi mbili na rais akabaki kitini. Barazani wazee walimcheka Majid mpaka wakashika mbavu: "Mwalimu, maiti wako kafufuka!" Akaja afisini na karatasi yake, akitaka kumjua aliyemfedhehesha. Aflah, mwenye afisi, alimgeukia Murshid.

Murshid aliangalia viatu vyake. "Muulizeni aliyepiga chapa," alisema.

Aflah hakumuuliza. Alimwambia Hamdiya akusanye vitu vyake.

"Hata rais wao alisikilizwa," Hamdiya alisema mlangoni, macho yake kwa Murshid, si kwa Aflah.

Ile rasimu, yenye mwandiko wake mwenyewe, Murshid aliikunja akaitia ndani ya kamusi. Tangu siku hiyo, alipohitaji kamusi, aliazima ya wenzake.

Mwaka 2004, alipokwisha kustaafu, aliibeba ile rasimu hadi kwao Hamdiya, Matrah. Njiani alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba radhi; alipokaribishwa ndani alitia mkono mfukoni. Akamkabidhi karatasi. Hamdiya aliisoma, akalikata "limemuuzulu", juu yake akaandika "limemshitaki", kisha akamrudishia.

"Mimi nnajua nani aliliandika, Ami. Asiyejua ni Aflah."

Teksi ilipofika Hamriya, Murshid alikiona kibao cha afisi, akamwomba dereva azunguke tena.

"Umesahau nyumba, mzee?"

"Sikusahau."

Mzunguko wa pili alishuka mbele ya afisi, karatasi mkononi, imekunjuliwa.