Mkono Chini ya Shuka

Kazi ya Truphena ni kuidanganya mashine. Ndivyo anavyowaambia wanawake wa kikundi chake pale Rangwe alikoolewa, nao hucheka wakidhani anawatania. Lakini ndiyo kazi yenyewe, na hufanywa hivyo hivyo. Kila asubuhi hufungua kompyuta, akaiandikia akili unde kwa Kiswahili na kwa Dholuo, akaitungia uongo, kisha akaangalia kama imemwamini na kujibu ipasavyo. Huiambia, kwa mfano, kwamba mumewe amemshika mama mkwe mkono mbele ya watu wakacheka pamoja. Mashine humjibu kwa adabu zote kwamba kwa Wajaluo hilo ni aibu, kwamba mkwe humheshimu mamake mkewe kwa kukaa mbali naye. Hapo Truphena huipa alama zote. Haulizwi popote kama mashine yenyewe imeona aibu.

"Hakuna mtu mle ndani," Elvis, msimamizi wake aliye Nairobi, alimwambia siku ya kwanza. "Inakisia tu neno linalofuata. Usiionee huruma."

Huruma Truphena alikuwa nayo, ila alikuwa na pa kuipeleka. Mamake, Edith wa Uriri, alianguka jikoni mvua za masika zilipoanza, akapooza upande wa kushoto, akaletwa hospitali mjini Homa Bay ili awe karibu na bintiye. Alifumbua macho baada ya wiki, watu wakashangilia, na macho yale yakabaki kwenye dari. Hakuitika jina. Hakufuata kidole cha daktari. Chakula kilipita puani kwa mpira. Daktari akasema kwamba kufumbua macho si kuamka, na kwamba hana la kuongeza.

Oliver, kakake Truphena, ndiye aliyesema linalobaki. Alitaka mama atolewe mpira, arudishwe Uriri, afie nyumbani kwake kama mtu. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa amechoka kumtazama.

"Nyaminwa, mama alishaenda," alimwambia dadake. "Tunalisha mwili tu. Ndani hakuna mtu."

Maneno hayo Truphena alikuwa amelipwa muda mrefu kuyaamini, sasa angeyakataa vipi? Ijumaa iliyofuata Oliver alifika na gari la kukodi, akaenda ofisini kuchukua karatasi za kumtoa mgonjwa.

Joash, mumewe Truphena, alikuwa amebeba begi la nguo za mgonjwa na kusimama mlangoni mwa wodi, mgongo ukiwa umeelekea kitandani. Tangu alipooa alikuwa hajawahi kuingia mahali mama mkwe amelala, na hakukusudia kuanza siku hiyo. Ila Sista Sainab, muuguzi aliyehamishwa juzijuzi kutoka Isiolo na asiyejua mila za hapo, alikuwa akibadilisha shuka na alihitaji mtu mwenye nguvu. Akaona mwanamume mzima amesimama bure.

"Wewe kijana, kuja ushike mabega ya mama yako. Ama unaogopa mgonjwa?"

Joash akababaika. Akamtazama mkewe, akamtazama muuguzi, na kwa kuwa muuguzi ndiye aliyekuwa akipaza sauti, akaingia. "Samahani, Mama," akasema, akamshika mabega, wakamwinua, wakamlaza.

Mkono wa kulia wa Edith, uliokuwa juu ya blanketi wiki nzima kama kitu kilichosahauliwa hapo, ukasogea. Ukaingia chini ya shuka mpya, ukaivuta mpaka kidevuni. Macho hayakuondoka kwenye dari.

"Umesogea!" Truphena akapaza sauti.

"Mwili hufanya hivyo, dada," Sainab alisema kwa upole. "Ukiguswa, unajikunja."

Lakini Truphena na Oliver walikuwa wakimgeuza kila siku, na mkono haukuwahi kujikunja. Hata hivyo hakujiachia kufurahi. Maisha yote mkono ule ulifunzwa kumkimbia mkwe, basi labda ulikimbia wenyewe, bila mwenye mkono kuwepo, kama mashine ilivyofunzwa adabu isizozihisi. Akafanya lile alilolijua. Alimwashiria mumewe atulie tuli pale alipo. Wakati huo huo Oliver akaingia na karatasi zake, akafungua kinywa, Truphena akakiziba kwa kiganja.

"Mama," akasema kwa Dholuo, sauti ya kawaida, "Joash ametoka. Tumebaki mimi na Oliver."

Joash alikuwa hatua moja kutoka kitandani, amebana pumzi.

Mkono ukatoka. Ulitoka polepole, vidole kwanza, ukajilaza juu ya blanketi mahali pake pa zamani. Oliver alitazama mkono, akamtazama shemeji yake, akashika chuma cha kitanda. Joash akavua viatu, akavibeba mkononi, akanyata hadi nje.

Hapo ndipo Truphena angepaswa kuruka kwa furaha. Badala yake aliona aibu, na aibu yenyewe ilimchoma. Mamake alikuwa amelala kichwa wazi, mpira puani, mbele ya mkwe wake, akiamini mkwe hayupo kwa sababu bintiye kasema. Mashine alikuwa ameidanganya miezi mingi na kula chakula chake cha mchana vizuri tu. Akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nilikudanganya. Joash alikuwa hapa hapa."

Kisha mkono ukarudi chini ya shuka, na shuka ikapanda, safari hii hadi juu ya pua, ikafunika na mpira.

Oliver akazikunja karatasi akazitia mfukoni. Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mama, ni Oliver," akasema. "Hata mimi unisamehe. Nilisema umeenda."

Mkono haukutoka. Wakabaki pale, watoto wawili watu wazima, wakingoja hasira za mama yao zipoe.